Shangazi, eti timu yetu inahama?

Nilifika Tabora usiku wa Ijumaa kwa basi, mgongo umekufa ganzi, nikiwa na mpango mmoja tu kichwani: kulala. Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka tisa, alikuwa na mpango wake. Alinisubiri sebuleni akiwa amevaa jezi iliyoandikwa Tabora United, ile ambayo mama yake anasema kuivua ni vita siku ya kufua. Hakuuliza nimemletea nini kutoka Dar. Alinipa shikamoo, akapokea begi, na kabla sijaketi akaniuliza: "Shangazi, wewe si mwandishi wa habari? Eti timu yetu inahama?"

Wasomaji wa ukurasa huu mnanijua. Mimi huandika habari za afya. Niulize dalili za nimonia kwa mtoto mchanga, niulize chanjo ya miezi tisa, nitakujibu hata nikiwa na usingizi. Hili la timu lilinikuta sina jibu. Kaka yangu akaniokoa, au alidhani ananiokoa. "Muache shangazi yako apumzike. Kula ukalale."

Mtoto akanyamaza. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani, akaenda kulala na jezi yake.

Wifi alisubiri mpaka mlango wa chumbani ufungwe ndipo akaniambia. Ilikuwa wiki ya pili. Mtoto anarudi na swali lile lile kila jioni, anaamka usiku, na asubuhi ya siku ya mechi analalamika tumbo. Ameshampeleka zahanati, kapimwa malaria na choo, hana kitu. Nesi alimwambia labda ni chakula cha shuleni. "Chakula cha shule gani," wifi akasema, "kinachouma siku timu inacheza tu?"

Maneno yalianzia darasani. Mwenzake mmoja alimwambia, kama watoto wanavyoambiana mambo makubwa kwa sentensi moja: timu imeshanunuliwa, jina limeshaondoka, bado miguu.

Kwa mzazi asiyefuatilia mpira, nieleze kidogo. Tabora United, Nyuki wa Tabora, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2023/24, na mechi zake za nyumbani ikawa inachezea Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Msimu wa 2025/26 ikaingia ikiwa na jina jipya, TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato. Kwa mtu mzima hilo ni jambo la kawaida: timu inahitaji fedha, na taasisi yenye fedha imejitokeza. Wapo mashabiki walioshangilia, maana walichoka kusikia habari za mishahara. Mtoto wa miaka tisa anahesabu tofauti. Neno "Tabora" lilikuwa kwenye jezi, sasa halipo. Anajiuliza kitakachofuata kuondoka ni nini.

Nisisitize kwamba ninaandika juu ya hofu ya kijiweni na ya darasani, si juu ya tangazo la mtu yeyote. Lakini hofu hii haikuanguka kutoka mbinguni. Watoto wetu wanasikiliza redio, wanakaa karibu na watu wazima wanaobishana, na wanachosikia kimetokea kweli katika nchi hii.

Angalia Mbarali. Ihefu ilikuwa timu ya wakulima wa mpunga kule Ubaruku, ikichezea uwanja wa Highland Estate. Novemba 2022 iliifunga Yanga mabao 2-1 pale pale na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 2023 ikaifunga tena 2-1. Kuna watoto wa Mbarali ambao siku hizo mbili watazisimulia wakiwa na mvi. Kabla msimu ule wa 2023/24 haujaisha, timu ilihamishiwa Singida, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Wakati huo huo, timu iliyokuwa Singida, yaani Singida Fountain Gate, ikaenda Mwanza, baadaye ikawa Fountain Gate na kuhamia Babati mkoani Manyara. Mtoto wa Singida, kama alikuwa mfuatiliaji, katika msimu mmoja aliona timu moja ikitoka na nyingine ikiingia kwa mlango ule ule.

Huko ng'ambo nako yapo. Mwaka 2003 klabu ya Wimbledon ya London ilihamishiwa mji wa Milton Keynes, umbali wa takribani kilomita 90. Mashabiki walikuwa wameshaliona hilo likija, na mwaka mmoja kabla walianzisha timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanzia ligi za chini kabisa. Walirudi mtaa wao wa Plough Lane mwaka 2020. Nimeitaja kwa sababu kaka yangu anaipenda sana hadithi hiyo, na kila akiisimulia inakuwa ndefu zaidi.

Sababu za timu kuhama si uchawi. Simba na Yanga zina wanachama, zina makao, zina majengo Kariakoo na Jangwani. Huwezi kuzibeba ukaenda nazo. Klabu nyingi nyingine ni mali ya mtu mmoja, kampuni au taasisi, na mwenye mali ndiye anayeamua. Kila msimu klabu hutaja uwanja wake wa nyumbani, na uwanja ukishindwa kukidhi vigezo Bodi ya Ligi huufungia, timu ikalazimika kucheza mkoa mwingine. Uwanja wenyewe mara nyingi si mali ya timu. Viwanja vingi vya mikoani, pamoja na Ali Hassan Mwinyi, ni vya CCM, timu ni mpangaji. Ongeza nauli. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na timu inayokaa mbali inalipa umbali huo mara nyingi kwa msimu, kwa fedha na kwa miguu ya wachezaji.

Kuna jambo jingine ambalo watu wazima wa Tabora hatupendi kulisema kwa sauti. Timu hii nasi tuliipata kwa kuhama.

Kabla ya kuitwa Tabora United iliitwa Kitayosce, na asili yake ni Kilimanjaro. Ilikuja huku, ikapanda daraja ikiwa huku, ikabadili jina. Mechi yake ya kwanza kabisa ya Ligi Kuu, Agosti 2023 dhidi ya Azam pale Chamazi, ilikuwa kituko: kwa matatizo ya usajili iliingia uwanjani na wachezaji pungufu, na mchezo ukavunjika mapema ikiwa nyuma mabao 4-0. Mwisho wa msimu ikaponea kwenye mechi za mchujo dhidi ya Biashara United ya Mara. Halafu tarehe 7 Novemba 2024, timu hiyo hiyo iliyowahi kukosa wachezaji wa kutosha ikaifunga Yanga 3-1 jijini Dar es Salaam. Siku hiyo kaka alinipigia simu kutoka kibanda umiza, sikusikia neno hata moja, nilisikia kelele tu na sauti ya mtoto ikipasuka kwa juu.

Kwa hiyo, wakati mtoto wetu anauliza kama timu inahama, yawezekana kuna mtoto kule Kilimanjaro ambaye aliuliza swali hilo hilo, akaambiwa ale akalale.

Nilimwambia haya asubuhi ya Jumamosi, tukiwa tumekaa nje tunamenya viazi. Nilidhani yatamuumiza. Alifikiri kidogo akauliza, "Kwa hiyo sisi tuliwachukulia yao?" Nikasema, kwa namna fulani, ndiyo. Akauliza kama walilia. Nikasema sidhani kama wote walilia, lakini baadhi lazima walilia. Akaendelea kumenya viazi. Nilikuwa nimemwona akisononeka kwa siku moja tu lakini nilitambua kuwa mabega yameshuka kidogo. Alikuwa amepewa habari kamili kwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo taaluma yangu inapoingia. Wataalamu wa afya ya akili ya watoto husema, na akina mama wengi wanajua bila kuambiwa, kwamba mtoto wa umri huu mara nyingi haongei wasiwasi wake kwa maneno. Anauongea kwa mwili. Tumbo, kichwa, kukojoa kitandani ilhali alishaacha, kukataa chakula anachokipenda, kukasirikia mdogo wake bila sababu. Maumivu hayo si uongo. Tumbo linauma kweli. Utumbo na ubongo vinawasiliana, na wasiwasi unafika tumboni haraka kuliko unavyofika mdomoni.

Lakini usianze na wasiwasi. Wifi alifanya sawasawa kuanzia zahanati. Tumbo lenye homa, kutapika mfululizo, damu kwenye choo, maumivu ya upande wa chini kulia yanayozidi, au mtoto anayepungua uzito, hilo ni la daktari, tena siku hiyo hiyo. Vipimo vikishatoka safi, na ukaona maumivu yana ratiba, yanakuja siku fulani na kuondoka siku fulani, ndipo uanze kuuliza ratiba hiyo inahusu nini.

Na ukiuliza, uliza kwa kazi. Sijui kwa nini lakini watoto wetu, wavulana hasa, hawasemi ukiwakalisha uso kwa uso. Wape viazi wamenye. Waombe washike tochi. Tembea nao kwenda dukani. Swali litatoka lenyewe.

Jibu linategemea umri. Mdogo wa miaka mitano hahitaji habari za vigezo vya uwanja. Anataka kujua kama kesho itakuwa kama leo. Wa miaka tisa au kumi anataka ukweli wote na anaweza kuubeba, kinachomchosha ni kuona watu wazima wananong'ona. Kijana wa miaka kumi na tano atakuambia hajali, na huyo ndiye wa kumwangalia zaidi, maana huenda anajali kwa simu. Nimeshaongea na mama mmoja wa mtaa wa Cheyo aliyegundua hela ya nauli ya mwanawe inaishia kwenye mikeka ya kubeti. Sheria inasema mpaka miaka 18. Simu ya baba iliyosajiliwa kwa jina la baba haijui anayeishika ana miaka mingapi.

Nirudi kwenye nyumba yetu, maana si mara ya kwanza timu kutuachia shimo.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu Rhino Rangers ilipocheza Ligi Kuu, msimu wa 2013/14. Ilikuwa timu ya jeshi, ya hapa hapa. Kabla yake wazee walikuwa na Milambo, yenye jina la mtemi, na hadithi zake hazikuisha. Baba yetu alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa karani, anarudi jioni, anasikiliza taarifa ya habari, analala. Siku ya mechi alikuwa mtu mwingine. Alituita mimi na kaka, tukatoka Ng'ambo kwa miguu mpaka uwanjani, yeye mbele na kofia yake, sisi nyuma, karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa gazeti. Njiani alizungumza. Alituonyesha miembe mikubwa na kutuambia wazee walisema ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Alituambia habari za Kwihara, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi wafike. Habari za Wanyamwezi waliobeba mizigo kutoka huku mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, na kwa aibu ya wakati ule watu pia wakisukumwa kwenye njia hiyo hiyo. Karibu kila ninachokijua juu ya mji huu nilikisikia nikielekea uwanjani au nikirudi.

Rhino ilishuka daraja mwaka 2014 baada ya msimu mmoja. Hakuna aliyetuambia kitu. Baba aliacha kutuita. Mechi za daraja la chini ziliendelea, lakini yeye hakwenda tena, akarudi kwenye redio yake. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilidhani ni kwa sababu nimekua na sitakiwi tena kutembea naye. Kaka alidhani amemkosea. Miaka mingi baadaye, baba akiwa tayari anatumia dawa za presha na daktari amemwamuru atembee kila siku, tulizungumza habari hizo. Akashangaa kabisa. Alisema, "Timu ilishuka, nikajua na nyinyi hamtaki tena."

Sisemi presha ililetwa na Rhino kushuka. Presha ina mambo mengi: umri, chumvi, uzito, urithi. Ninasema kwamba mtu mmoja aliyekuwa akitembea na watoto wake aliacha kutembea, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza kwa nini.

Tukiwa kwenye mambo ya moyo, kina baba mnaosoma, mnisamehe, hili linawahusu. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006 watafiti wa Munich walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo, wakakuta siku ambazo Ujerumani ilicheza idadi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya siku za kawaida, na waliokuwa na tatizo la moyo tangu awali ndio walioumia zaidi. Kwa hiyo anayetumia dawa za presha asiziache nyumbani kwa haraka ya kuwahi jukwaani. Maumivu ya kubana kifuani yanayopanda begani au tayani, jasho la baridi, pumzi kukata, hayo si ya refa. Mwambie jirani yako akupeleke Kitete mara moja, mechi utasimuliwa.

Jumamosi hiyo hapakuwa na mechi mjini. Mchana nilikwenda na wifi kumsalimia mama mmoja anayeuza karanga na mayai ya kuchemsha nje ya uwanja. Amesomesha kwa beseni hilo. Nilimuuliza anaonaje maneno haya ya timu kuhama. Alicheka kwanza. Kisha akahesabu kwa vidole, bila kunitajia fedha: siku ya mechi kubwa anapata michango ya shule ya watoto wawili, siku ya mechi ndogo anapata mboga ya wiki, siku isiyo na mechi anapata vumbi. "Mimi sijui kama wanacheza vizuri," akasema. "Nawapa mgongo, naangalia wateja." Mwanawe wa kidato cha kwanza ndiye anayemletea matokeo, na ndiye anayemtisha kila jioni na habari za kijiweni. Nilimuuliza anamjibu nini. Akasema anamwambia karanga zinaliwa hata stesheni.

Nadhani hilo ni jibu zuri, na lina historia. Mji huu uliitwa Kazeh na watu wa misafara, ukakua kwa sababu ya wapita njia. Walipumzika, wakanunua chakula, wengine wakabaki. Misafara ilipokufa, reli ikafika mwaka 1912, na stesheni ikawa njia panda ya kwenda Kigoma na Mwanza. Wenyeji wa hapa wamezoea kuuza karanga kwa kitu kinachopita. Lakini kuzoea huko ni kwa watu wazima, mtoto hajazoea chochote bado.

Jioni kaka alirudi na bajaji yake akiwa amechoka. Kaka yangu anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi watoto wakiwa wamelala, siku sita, mara nyingine saba. Siku pekee anayoegesha bajaji mchana ni siku ya mechi ya nyumbani. Anamchukua mtoto, wanatembea kwa miguu kama baba alivyofanya, wanarudi kwa miguu. Hawapandi bajaji, ingawa ni yao, jambo ambalo wifi anaona ni wazimu.

Tulikuwa tunakula ubwabwa na maharage. Mtoto, labda kwa sababu mimi nipo, akajaribu tena. Safari hii hakuuliza kama timu inahama. Alimwangalia baba yake akauliza: "Baba, timu ikihama, siku zile utakuwa unaenda kazini?"

Kaka aliweka kijiko chini. Nilimwona akihesabu, kama nilivyohesabu mimi. Wiki mbili za tumbo.

Nataka mzazi asome sentensi ile ya mtoto mara mbili, maana ilinichukua muda mimi mwenye digrii. Hakuwa analilia ligi. Hakuwa hata analilia jina. Alikuwa amepiga hesabu kwamba baba yake hupatikana kwa sababu timu ipo, na sababu ikiondoka na baba ataondoka. Na kwa jinsi ratiba ya nyumba ilivyo, hesabu yake ilikuwa sahihi. Sisi tulikuwa tunajiandaa kumfariji kwa habari za Singida na Mbarali.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Mimi huwa naandika hivyo kila mwaka, na kila mwaka wazazi hunijibu kwamba hakuna viwanja. Ni kweli, mji unajengwa na kila kiwanja cha wazi kina bango la "Hakiuzwi" leo na msingi kesho. Lakini kutoka Ng'ambo hadi uwanjani na kurudi ni mazoezi tayari, hata kama ndani ya geti hakuna anayecheza mpira. Mchezo wa ndondo kwenye uwanja wa shule ya msingi nao ni mpira. Timu ya Ligi Kuu inaweza kuhama kwa barua moja. Njia ya kwenda huko haiwezi.

Kaka hakumjibu mtoto kwa haraka, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema hajui kama timu itabaki au itaondoka, kwamba wenye kuamua hawamuulizi dereva wa bajaji. Mtoto akatikisa kichwa, hilo alikuwa analijua. Kisha kaka akasema siku zao zitabaki. Ikiwepo mechi wataenda uwanjani. Isipokuwepo watakwenda kuangalia ndondo, au watatembea mpaka Kwihara siku moja, akaone nyumba ya Livingstone ambayo babu yake aliizungumzia kila mechi na hakuwahi kutupeleka.

"Hata kama abiria ni wengi?" mtoto akauliza.

"Hata kama."

"Hata mwisho wa mwezi?"

Hapo kaka alisita, maana mwisho wa mwezi ndipo abiria wenye hela wapo, na sikutaka aseme uongo. Akasema mwisho wa mwezi wataondoka saa tisa badala ya saa nane. Mtoto alilifikiria pendekezo hilo kwa uzito kama kiongozi wa Bodi ya Ligi, akakubali.

Jumapili tulipita kwa baba. Kaka alimwambia habari ya Kwihara, akatikisa kichwa akasema ni mbali, magoti hayatakubali. Baadaye kidogo, tukiwa tunaaga, akauliza kofia yake ya zamani iko wapi.

Nimerudi Dar Jumatatu. Jioni wifi alinitumia picha ya kamba ya nguo, jezi ya Tabora United ikiwa katikati inachuruzika maji, kola yake imeanza kuchanika. Chini aliandika kwamba imevuliwa bila vita, na kwamba nimtafutie ya aina hiyo hiyo Kariakoo, yenye jina la zamani, saizi ya miaka kumi na moja ili akae nayo. Nimezunguka maduka matatu. Wanazo za jina jipya tu.